Simu ya Nyumbani na Kusoma kwa Mtoto: Michezo na Programu Zinazofaa, na Namna ya Kuzitumia

Ifikapo saa moja ya jioni, katika nyumba nyingi za wilaya hii simu moja huwa na wagombea wanne. Baba ameichomeka kwenye chaji baada ya kurudi nayo shambani, mama anasubiri ijae ili ampigie dada yake, kaka wa kidato cha pili anaitaka kwa ajili ya matokeo ya mpira, na mtoto wa darasa la pili anaitaka kwa mchezo wa magari. Mara nyingi mshindi huwa yule mdogo, kwa kuwa akipewa simu hunyamaza, na robo saa ya utulivu si haba kwa mama aliye jikoni. Jambo ambalo wazazi wengi hujiuliza ni iwapo robo saa hiyo inaweza kumfundisha mtoto chochote, au ni kifurushi tu kinachoteketea.

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Hadi darasa la pili, kitabu humfundisha mtoto kusoma. Kuanzia darasa la tatu, kitabu humtaka mtoto asome ili ajifunze mambo mengine: sayansi, historia, jiografia. Aliyefika hapo bila kumudu Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, huanza kuachwa na masomo yote kwa mkupuo. Wapo watoto wanaofika darasa la nne wakiwa hodari wa kukariri ukurasa kwa kusikiliza wenzao, na mzazi hulitambua hilo siku anapomkabidhi mtoto barua ya ofisi ya kijiji amsomee, mtoto akabaki anaikodolea macho. Kumrudisha mtoto wa aina hiyo kwenye mstari kunawezekana, lakini ni kazi kubwa kuliko ile ambayo ingefanyika mapema, jioni kwa jioni, nyumbani.

Jaribio lililofanyika katika mkoa wetu

Mkoa wa Tanga una sababu ya pekee ya kulizungumza suala hili, kwa kuwa mojawapo ya majaribio makubwa zaidi duniani ya programu za kujifunzia lilifanyika hapa hapa. Mwaka 2014 taasisi ya Marekani iitwayo XPRIZE ilitangaza shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi ya jumla ya dola za Marekani milioni 15. Washindani walitakiwa kutengeneza programu ya kishikwambi itakayomwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu katika muda wa miezi 15, pasipo mwalimu wa kumsimamia. Timu tano zilifika fainali, na programu zao zikapelekwa kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vishikwambi vilitolewa na Google, na vijiji vikawekewa mahali pa kuvichaji kwa umeme wa jua.

Takwimu zilizotolewa na waandaaji zinastahili kusomwa polepole. Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, asilimia 80 hawajawahi kusomewa kitabu nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wale wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei mwaka 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa kuwa washindi wa pamoja na kugawana dola milioni 10. Kwa mujibu wa masharti ya shindano, programu za timu zote tano zilizofika fainali ziliwekwa wazi ili mtu yeyote duniani aweze kuzitumia na kuziendeleza.

Matokeo hayo yana pande mbili, na ni vyema zote zisomwe. Upande wa kwanza ni kwamba programu iliyotengenezwa vizuri hufundisha kweli. Mtoto ambaye hakuwahi kuketi kwenye dawati aliweza kutambua silabi, akaziunganisha na kulisoma neno. Upande wa pili ni kwamba kishikwambi peke yake, hata kikikaa na mtoto kwa mwaka na zaidi, kiliwaacha watoto wengi mahali walipokuwa. Mtoto wa kata zetu ana vitu viwili ambavyo jaribio lile liliviweka kando kwa makusudi: mwalimu wake asubuhi, na mzazi au mlezi wake jioni. Programu ya simu ni mkono wa tatu, na haijapata kuonekana ikiziba nafasi ya mikono ile miwili.

Mchezo unaofundisha hutambulikaje?

Sokoni mwa programu za simu kuna maelfu ya michezo iliyobandikwa neno la elimu. Mingi kati ya hiyo ni katuni zenye kelele, ambazo mtoto hugusa popote kwenye kioo na kupewa nyota. Mchezo wa aina hiyo hauna tofauti na kuzawadiwa kwa kupumua. Ule unaofundisha huwa na tabia tatu ambazo mzazi yeyote, hata asiyesoma sana, anaweza kuziona akikaa karibu kwa dakika kumi.

Kwanza, humtaka mtoto afikiri kabla ya kugusa. Sauti husema "ba", na mtoto lazima aichague "ba" kati ya "da", "pa" na "ba", akibahatisha, hukosea. Pili, humrudishia jibu papo hapo bila kumfedhehesha. Hapa ndipo simu ina faida ambayo darasa lenye wanafunzi wengi haliwezi kuwa nayo kila wakati, kwa kuwa mtoto mwenye haya, anayeogopa kuchekwa na wenzake akikosea ubaoni, anaweza kukosea mara ishirini mbele ya simu na asisikie kicheko hata kimoja. Tatu, hupanda ngazi kwa ngazi na kurudi nyuma inapobidi. Mtoto akiyumba katika kujumlisha namba zinazozidi 10, mchezo humrudisha kwenye namba ndogo hadi ashike mguu, ndipo umpandishe tena.

Suala la lugha linahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndilo linalowaponza wazazi wengi wenye nia njema. Mzazi hupakua programu ya Kiingereza inayofundisha alfabeti, mtoto akaimba herufi zote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nyumba nzima ikapiga makofi. Lakini katika wimbo huo herufi "a" huitwa "ei", herufi "e" huitwa "ii", na herufi "i" huitwa "ai". Kesho yake shuleni mwalimu wa darasa la kwanza humfundisha kwamba "e" ni sauti ya kwanza ya neno "embe", na "i" ni sauti ya kwanza ya neno "imba". Mtoto aliyezoea kuiita "e" kwa sauti ya "ii" huandika "mte" akikusudia "mti", na mwalimu hulazimika kwanza kubomoa ndipo ajenge.

Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Irabu zake ni tano tu, na kila moja ina sauti moja isiyobadilika. Silabi nyingi ni konsonanti ikifuatwa na irabu. Mtoto akiishika njia ya "ba, be, bi, bo, bu" amepata ufunguo wa maelfu ya maneno, na huweza kulisoma neno ambalo hajapata kulisikia maishani mwake. Kiingereza hakina njia nyepesi kama hiyo. Kwa sababu hiyo ni busara mtoto ashike kusoma kwa Kiswahili kwanza, na stadi hiyo ndiyo itakayombeba anapojifunza Kiingereza, ambacho kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 ni somo kuanzia darasa la kwanza. Programu za Kiingereza zina nafasi yake, hususan zile zinazofundisha msamiati kwa picha na sauti, ila zisiwe ndizo za kumfundishia mtoto herufi kwa mara ya kwanza.

Hesabu nayo ina mitego yake. "Kumi na moja" hujieleza yenyewe kwamba ni kumi moja na kimoja juu yake, na mchezo wa kuhesabu kwa Kiswahili humsaidia mtoto kuelewa makumi na mamoja bila kuambiwa. Saa, kinyume chake, huleta utata. Simu huandika 7:00, bibi husema saa moja asubuhi, na wote wawili wako sahihi. Mtoto anayejifunza saa kwa programu ya nje anahitaji mtu wa kumweleza jambo hilo, la sivyo atadhani bibi yake hajui kusoma saa.

Vilivyopo na vinavyopatikana bure

Vipindi vya Ubongo, shirika lisilo la faida lenye makao yake Dar es Salaam, ndivyo vinavyojulikana zaidi na watoto wa Tanzania. Ubongo Kids kilianza kurushwa mwaka 2014 na hufundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo kwa watoto wa shule ya msingi. Akili and Me ni cha watoto wa miaka 3 hadi 6. Akili mwenyewe ni binti wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye akilala huingia katika nchi ya ndoto anakojifunza herufi, namba na kuelewa hisia zake. Ubora wa vipindi hivi ni kwamba vimetungwa hapa nchini na watu wanaoijua sauti ya mtoto wa Kitanzania, na kwamba vimewahi kupatikana pia kwa njia ya televisheni na redio, hivyo nyumba isiyo na simu janja haikuachwa kando. Hata hivyo, kipindi hutazamwa, na mtoto anayetazama tu hujifunza kidogo kuliko anayejibu. Mzazi akikaa naye na kumuuliza, "Akili amehesabu maembe mangapi?", kipindi hicho hugeuka kuwa somo.

Kwa upande wa vitabu, Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyotumika shuleni, na mzazi anaweza kuvisoma kupitia simu bila malipo. Hazina hii hutumiwa na wachache kuliko inavyostahili. Shule ambazo watoto kadhaa huchangia kitabu kimoja zingepata nafuu kubwa iwapo mzazi mmoja kati ya watano angekuwa na kitabu hicho kwenye simu, akamwonesha mtoto ukurasa uliosomwa siku hiyo. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na hadithi hizo huruhusiwa kupakuliwa, kuchapishwa na kugawiwa. Mwalimu au kiongozi wa madrasa au wa shule ya Jumapili mwenye mashine ya kuchapia anaweza kuzitoa kwenye karatasi kwa gharama ya wino tu.

Kabla ya kumpa mtoto programu yoyote, mzazi aicheze mwenyewe kwa robo saa. Hakuna kipimo kilicho bora kuliko hicho. Mzazi atasikia lugha iliyotumika, ataona kama matangazo yanajitokeza, atajua kama inafanya kazi intaneti ikiwa imezimwa, na pengine atajifunza jambo pia.

Kifurushi, matangazo na namba ya siri

Malalamiko ya kwanza ya wazazi ni gharama. Yana msingi, lakini chanzo chake mara nyingi ni video zinazotazamwa moja kwa moja mtandaoni. Mchezo au kitabu kikishapakuliwa kikakaa kwenye simu huwa hakitumii kifurushi tena, mradi uwe ni ule usiohitaji intaneti kila unapofunguliwa. Utaratibu unaofaa ni kupakua mara moja, siku ambayo mzazi ana kifurushi au yuko mahali penye intaneti ya bure, kisha kuizima intaneti kabisa kabla simu haijaingia mikononi mwa mtoto. Kuizima intaneti huokoa fedha, na pia huzuia karibu hatari zote zinazofuata hapa chini. Simu yenye nafasi ndogo inaweza kuongezewa memori kadi ya kuhifadhia vitabu na vipindi vilivyopakuliwa.

Hatari ya kwanza ni matangazo. Michezo mingi ya bure hulipwa na matangazo, na tangazo halijui kama anayelitazama ni mtoto wa miaka saba. Katikati ya mchezo wa kuhesabu machungwa huweza kuchomoza tangazo la kamari au la mikopo ya haraka, lenye kitufe kikubwa cha kugusa, na mtoto aliyefundishwa kwamba kugusa ndiko kunakoleta nyota ataligusa. Mchezo wenye matangazo ya namna hiyo ufutwe, hata kama mtoto ataulilia.

Ya pili ni fedha zilizo kwenye simu. Simu ya siku hizi ni pochi, na namba ya siri ya huduma ya fedha haipaswi kujulikana kwa mtoto, hata yule mwerevu anayetumwa kila siku kuangalia salio. Simu nyingi za Android zina njia ya kufunga programu moja kwenye kioo, mtoto asiweze kutoka humo hadi namba ya siri ya simu iingizwe. Njia hiyo hupatikana katika sehemu ya mipangilio, kwenye masuala ya usalama, na kijana wa duka la simu anaweza kumwonesha mzazi kwa dakika mbili. Ujumbe wowote wa kitapeli unaoingia, ikiwemo ule unaodai kuwa mtoto ameshinda zawadi kwenye mchezo, usijibiwe. Upelekwe kwenda namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Ya tatu haionekani kwa macho. Programu nyingine huomba ruhusa ya kuingia kwenye orodha ya majina ya simu, kipaza sauti, kamera na mahali simu ilipo. Mchezo wa silabi hauhitaji kujua majina ya wakwe. Kipaza sauti huweza kuhitajika pale ambapo mtoto hutakiwa kusoma kwa sauti, lakini mengine yakataliwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti. Jina kamili la mtoto, shule yake na picha yake akiwa na sare visijazwe kwenye programu yoyote ya mchezo.

Endapo mtu asiyejulikana ataanza kumwandikia mtoto kupitia mchezo au kumwomba picha, mzazi asifute ujumbe huo kwa hasira. Auhifadhi, atoe taarifa kwa ofisa wa ustawi wa jamii au polisi, au apige simu bure namba 116, ambayo ni Simu ya Mtoto.

Simu moja, watoto wanne

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri kuwa mtoto aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mtoto wa shule ya msingi, dakika 15 hadi 20 za mchezo wa kujifunza kila jioni zinatosha. Anayejifunza silabi kidogo kila siku hushika zaidi ya yule anayeachiwa simu saa nne za Jumamosi.

Ugumu uko kwenye zamu. Katika nyumba yenye simu moja, ambaye huikosa mara nyingi ni msichana. Saa ile ambayo simu imerudi nyumbani ndiyo saa ambayo yeye anachota maji, anasonga ugali au ameubeba mgongoni mzigo wa mdogo wake. Akimaliza, kaka zake wamekwisha kutumia chaji yote. Hakuna aliyepanga kumnyima, lakini mwisho wa mwaka tofauti huonekana kwenye daftari. Zamu iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, yenye majina na siku, na kazi za jioni zigawanywe kwa kuifuata. Kijana anayeosha vyombo siku ambayo dada yake ana zamu ya simu hapungukiwi kitu.

Watoto wawili wanaweza pia kukaa pamoja, mkubwa akimwelekeza mdogo. Sharti liwe moja: kidole kinachogusa kioo kiwe cha mdogo. Mkubwa akianza kumgusia, anayejifunza ni mkubwa, naye alishajua.

Baada ya zamu, mtoto aulizwe alichofanya. Bibi anayelea wajukuu, ambaye pengine hasomi na hajui hata programu hiyo inafunguliwaje, anaweza kuifanya kazi hii kuliko mtu yeyote.

"Shikamoo bibi. Naomba simu nisome."

"Marahaba, mjukuu wangu. Jana ulisoma nini?"

"Silabi, bibi. Ka, ta na ma."

"Haya, hebu niandikie hapa chini tuone."

Mtoto akiinama na kuandika kwa kijiti kwenye mchanga, bibi atajua. Mtoto aliyekuwa akitazama magari hatakuwa na cha kuandika.

Nyumba isiyo na simu janja

Ipo hofu kwamba mtoto wa nyumba yenye simu ya kitochi ameshaachwa. Hofu hiyo haina sababu, kwa kuwa kila kinachofanywa na programu nzuri, yaani kufikiri, kujibu, kusahihishwa na kupanda ngazi, kilikuwepo katika michezo ya watoto kabla ya umeme kufika vijijini.

Boksi la sabuni likikatwa vipande na kila kipande kikaandikwa silabi, hupatikana mchezo wa kusoma unaodumu mwaka mzima. Kwa vipande vitatu tu, "ka", "ta" na "ma", mtoto huweza kuunda "kata", "taka", "kama" na, akivipanga vyote vitatu, "kamata". Akiongezewa vipande vingine vitatu kama hivyo hupata "mama", "kaka" na "takata". Mtoto anapogeuza "kata" kuwa "taka" kwa kuhamisha kipande kimoja, hulishika jambo ambalo mwalimu huhitaji wiki kulieleza ubaoni. Kila juma ziongezwe silabi mbili, zile zile anazofundishwa darasani wakati huo.

Vizibo vya soda ni hesabu iliyotapakaa chini. Hupangwa kumi kumi kufundishia makumi na mamoja, na hutumika kama fedha katika duka la mchezo: kizibo cha rangi moja ni shilingi 100, cha rangi nyingine ni shilingi 50. Mtoto mnunuzi akitoa shilingi 500 kwa bidhaa ya shilingi 350, muuzaji lazima arudishe shilingi 150, na akikosea mteja hugomba. Watoto wanaotumwa dukani kweli hufanya hesabu hiyo kila siku. Mzazi amtake mtoto aseme chenji itakuwa kiasi gani kabla ya kutoka nyumbani, wala si baada ya kurudi.

Mdako hufundisha kuhesabu kwa haraka jiwe likiwa hewani, tena hulegeza vidole vinavyojiandaa kushika kalamu. Bao, ambalo wazee wa pwani hulicheza barazani kwa mashimo 32 na kete 64, lina aina yake nyepesi iitwayo bao la kujifunza, ambamo mchezo huanza kwa kete mbili katika kila shimo. Mtoto hulazimika kukisia kete zake zitaishia wapi kabla ya kuzinyanyua, na huko ni kujumlisha kwa kichwa. Mashimo huweza kuchimbwa ardhini na kete zikawa kokoto. Babu anayemwita mjukuu amfundishe bao jioni anafanya kazi ile ile ambayo watengenezaji wa programu hushindania mamilioni ya dola kuifanya.

Maandishi nayo yapo hata pasipo kitabu: kwenye mfuko wa unga, pakiti ya chumvi, kanga ya mama, ubavu wa basi. Mtoto wa darasa la kwanza atafute silabi anayoijua. Wa darasa la tatu alisome jina la kanga na kueleza maana yake, jambo ambalo mara nyingi litawachekesha wakubwa.

Mahali pa kuanzia ni kwa mwalimu

Mzazi anayetaka kuanza asianzie kwenye simu. Aende shuleni, amuulize mwalimu wa darasa maswali mawili: mtoto ameshika silabi zipi, na amekwama wapi katika hesabu. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua mchezo upi utafutwe au vipande gani viandikwe. Mtoto asiyeona vizuri au asiyesikia vizuri huhitaji uteuzi wa tofauti, kwa kuwa programu ya sauti humfaa mmoja na kumwacha mwingine. Mwalimu mkuu ndiye atakayemwelekeza mzazi kwa mwalimu mwenye mafunzo ya elimu maalumu. Simu yenyewe ibaki nyumbani, kwani wanafunzi hawaruhusiwi kuja nayo shuleni.

Wazazi wa kitongoji kimoja wenye watoto wa darasa moja wanaweza kukubaliana mmoja wao apakue vitabu na kuwarushia wengine kutoka simu hadi simu bila intaneti, ili gharama ibebwe mara moja tu. Maswali kuhusu vitabu vya Maktaba Mtandao, pamoja na maendeleo ya KKK katika shule, yapelekwe kwa mwalimu mkuu wa shule husika au kwa Afisa Elimu Kata, ofisi ya kata, siku za kazi. Mzazi aende na daftari la mtoto, kwa kuwa ndilo litakaloangaliwa kwanza.